Boksi la Wufa Halipimwi kwa Macho

Wacha niseme hii kitu wazi, na mwenye kukasirika akasirike: mafundi wengi wa muziki wa gari mjini hawapimi boksi. Wanakisia. Fundi anaangalia wufa, anaangalia buti ya gari, anatoa penseli sikioni, anachora mstari kwa plaiwudi, anakata. Ukimuuliza mbona saizi hiyo, unajibiwa, "Hiyo ndiyo ya inchi 12." Kana kwamba wufa zote za inchi 12 zilizaliwa na mama mmoja.

Hakuna kitu kinaitwa boksi la inchi 12. Isome tena polepole. Inchi 12 ni upana wa wufa, basi. Ni kama mtu akuambie anavaa kiatu namba 8, halafu wewe umshonee suti nzima kwa hiyo namba. Unaweza kuweka wufa mbili za inchi 12 mezani, zote nyeusi, zote zina sumaku kubwa ya kutisha, na moja ikataka lita 25 huku nyingine ikitaka mara tatu ya hiyo. Kwa macho huwezi kujua. Hata babu yako hangejua.

Na anayelipa hii kamari si fundi. Ni wewe uliyekuwa unaweka kando mia mbili mia tatu kila jioni mpaka ukapata ya wufa na ampu. Wiki tatu baadaye koili inanuka kama nywele zilizoungua. Ukirudi, fundi anasema, "Uliuziwa feki." Ukienda dukani, muuzaji anasema, "Fundi wako ndiye ameharibu." Wote wawili wanalala wameshiba. Wewe unabaki na boksi la kuwekea viatu.

Mimi nimechoka na hii stori. Nimechoka pia na video za sisi watengeneza maudhui, mtu anarekodi koni ikitikisika halafu anapiga kelele "inagongaaa!" na hakuna hata mmoja anayetaja lita. Kwa hivyo leo tunataja lita.

Kwanza, boksi ni la nini? Koni ya wufa ikienda mbele inasukuma hewa ya mbele, na wakati huo huo inavuta hewa ya nyuma. Sauti ya mbele na ya nyuma zinapingana. Kwa sauti za chini, mawimbi ni marefu sana. Wimbi la Hz 40 lina urefu wa karibu mita 8.6, yaani ni refu kuliko matatu ya abiria 33. Wimbi refu namna hiyo halizuiliwi na koni ya inchi 12, linazunguka tu pembeni, la mbele linakutana na la nyuma, zinauana. Ndiyo maana wufa ikichezwa mezani bila boksi inatikisika kama ina homa lakini besi huisikii. Kazi ya kwanza ya boksi ni kutenganisha mbele na nyuma.

Kazi ya pili ndiyo watu hawaijui, na ndiyo inafanya saizi iwe muhimu. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, sukuma. Inakurudisha, sivyo? Hewa ikifungwa inakuwa springi. Hewa kidogo ni springi ngumu, hewa nyingi ni springi laini. Ukifunga wufa kwa boksi, umeiongezea springi ya pili juu ya ile iliyotoka nayo kiwandani. Kwa hivyo boksi si fanicha ya kubebea wufa. Boksi ni nusu ya wufa. Ukikosea boksi umebadilisha wufa yenyewe, hata kama uliinunua pesa nyingi kiasi gani.

Sasa tuingie kwa hesabu, na usikimbie. Kila wufa ya maana inakuja na karatasi ya vipimo. Tafuta vitu vitatu tu. Fs ni masafa ambayo koni inapenda kutikisika yenyewe ikiachwa huru. Qts ni namba inayoonyesha jinsi wufa inavyojizuia isiendelee kuyumba baada ya kusukumwa. Ikiwa ndogo, inajizuia sana. Vas ni kiasi cha hewa chenye ugumu wa springi sawa na ugumu wa koni hiyo inavyoning'inia kwenye mpira na kitambaa chake. Vas inaandikwa kwa lita, au kwa futi za ujazo kama karatasi ni ya Marekani. Futi moja ya ujazo ni lita 28.3.

Tuchukue mfano: wufa ya inchi 12, Fs ni Hz 28, Qts ni 0.45, Vas ni lita 60. Tunataka boksi lililofungwa kabisa, lisilo na tundu. Wapenda muziki wengi wanalenga namba ya mwisho ya 0.707, inaitwa Qtc, kwa sababu hapo sauti inabaki tambarare, haivimbi, na inashuka chini kadiri inavyowezekana bila kuvimba. Fanya hivi: 0.707 gawanya kwa 0.45, unapata 1.571. Zidisha hiyo kwa yenyewe, unapata 2.468. Toa 1, inabaki 1.468. Sasa gawanya lita 60 kwa hiyo 1.468.

Jibu ni lita 41. Imeisha. Umefanya kwa simu, umekaa kwa kinyozi.

Sasa fundi wa macho anakutengenezea lita 15 kwa sababu buti ya Vitz yako ni ndogo. Qtc inapanda hadi 1.0, na masafa ya mfumo yanaruka kutoka Hz 44 hadi karibu Hz 63. Besi inavimba kule karibu na Hz 90, halafu huku chini inakauka. Kwa Hz 40, umepoteza kama desibeli 2.7 ukilinganisha na lile la lita 41. Unaona ni kidogo? Kuongeza nguvu ya ampu mara mbili kunakupa desibeli 3. Yaani hilo boksi limekula karibu nusu ya ampu yako huko chini, na hujacheza hata wimbo mmoja. Na noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne iko karibu Hz 41. Hapo hapo ndipo umeibiwa.

"Basi wacha tujenge kubwa!" Naskia wale wa boksi kubwa wamesimama. Kaeni chini. Wufa ile ile, sasa tuipe lita 100. Kwa Hz 40 unapata kiasi gani zaidi ya lita 41? Sufuri. Nimepiga hesabu, zinatoka sawa kabisa. Ukishuka hadi Hz 25 unapata kama desibeli 1.7, na ukipanda hadi Hz 60 unapoteza kidogo. Kwa hiyo faida ndogo ya huko chini umeongeza lita 59 za mbao, umemaliza buti yote, na springi ya hewa imekuwa laini mno, kwa hivyo koni inakosa wa kuishika. Ukiongeza sauti inasafiri mbali kuliko ilivyoundwa, inagonga nyuma, inapasuka. Huo msemo wa "boksi kubwa ndio besi kubwa" ni uongo ambao umerudiwa mpaka ukapata heshima.

Hii si siri ya wazungu iliyofichwa kwa sefu. Edgar Villchur alileta spika za boksi lililofungwa zinazotegemea springi ya hewa kule Marekani 1954. Neville Thiele wa Australia alichapisha hesabu za maboksi yenye tundu 1961, Kenya ikiwa bado koloni. Watu wengi hawakumsikia mpaka kazi yake ilipochapishwa tena Marekani 1971. Richard Small, aliyefanya utafiti wake Sydney, akaendeleza na kuzipanga kwa mfululizo wa makala miaka ya 1972 na 1973. Ndiyo maana hivyo vipimo vinaitwa vya Thiele na Small. Tumekuwa huru zaidi ya miaka 60 na bado mtu anakupimia boksi kwa shibiri.

Kuna mwingine anaitwa Josef Anton Hofmann, ndiye ile H katika kampuni ya spika ya KLH. Aliacha kanuni ambayo kila muuzaji angeibandika ukutani kama angekuwa mkweli. Unataka vitu vitatu: besi ya chini sana, boksi dogo, na sauti kubwa kwa umeme kidogo. Chagua viwili. Cha tatu hupati. Ukiona tangazo linakuahidi vyote vitatu, na juu yake limeandikwa wati 15,000 za PMPO, jua unachekwa. Hiyo PMPO haina kipimo kimoja kinachokubalika, kila kiwanda kinajiandikia inavyotaka. Angalia waya wa umeme unaoingia kwa hiyo mashine, umekonda kama wa chaja ya simu. Hizo wati 15,000 zinapita wapi?

Tuje kwa maboksi ya paipu, kwa sababu huko ndiko mauaji yanafanyika, hasa kwa nganya. Boksi lenye tundu linafanya kazi kama chupa ya soda ukiipuliza mdomoni. Hewa iliyo ndani ya paipu ni mzigo, hewa iliyo ndani ya boksi ni springi, na pamoja zinaimba kwa noti moja maalum. Ukiipanga vizuri, hiyo noti inasaidia wufa pale ambapo nguvu zake zinaisha. Ukiipanga vibaya, una boksi linaloimba noti moja kwa kila wimbo, wimbo uwe wa Genge, Gengetone, Amapiano au injili. Mnaijua hiyo besi. Ile ya "vuuu, vuuu, vuuu" ambayo hujui ni wimbo gani mpaka mlango ufunguliwe.

Hesabu ya paipu nayo iko. Kipenyo cha paipu kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, halafu zidisha kwa 23,562.5. Weka kando. Chukua Hz unayotaka, izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa lita za boksi. Gawanya ile ya kwanza kwa hii ya pili. Mwisho toa kipenyo mara 0.732. Jibu ni urefu wa paipu kwa sentimita.

Mfano: boksi la lita 60, unataka Hz 32, paipu ni ile ya inchi 4 ya maji taka, ndani yake ni karibu sentimita 10. Jibu linatoka sentimita 31. Sasa fundi wetu anakata "kiasi tu", sentimita 15, kwa sababu kipande kilichobaki pale sakafuni ni hicho. Boksi halijabadilika, wufa haijabadilika, lakini noti imeruka kutoka Hz 32 hadi karibu Hz 42. Na hapa ndipo pabaya: chini ya ile noti, boksi la paipu linaacha kuishika koni. Hewa inaingia na kutoka kwa paipu tu, kama hakuna boksi. Deejay akicheza kitu chenye Hz 30, koni inaruka ikiwa peke yake gizani. Wewe husikii besi ikiongezeka, kwa hivyo unafanya nini? Unaongeza sauti. Ampu inafika mwisho, inaanza kukata vichwa vya mawimbi, koili inapata joto ambalo haikuundiwa. Halafu unaambiwa ni feki.

Ilikuwa feki wapi? Ilikosa sentimita 16 za paipu ya maji taka.

Na hata fundi akikuambia "nimepima, ni lita 80," muulize amepima wapi. Wengi wanapima nje. Boksi la sentimita 50 kwa 40 kwa 40 ni lita 80 ukilipima kwa nje. Lakini MDF ya kawaida ya boksi ni milimita 18, na kila upande una ubao mbili za kutoa. Ndani unabaki na 46.4 kwa 36.4 kwa 36.4. Hiyo ni lita 61.5. Lita 18 na nusu zimepotelea kwa mbao. Bado hujatoa nafasi ya wufa yenyewe, tuseme lita 3. Paipu ya sentimita 31 inakula karibu lita nyingine 3. Mbao za kukaza ndani, lita moja na nusu. Sasa uko na lita 54. Uliahidiwa 80, umepewa 54, na hakuna aliyekudanganya kwa makusudi. Hivyo ndivyo macho hufanya kazi.

Najua majibu yenu, kwa hivyo wacha niyajibu mapema.

"Fundi ana miaka 20 kwa kazi, wewe ni nani?" Mimi simdharau fundi. Kukata ubao ukatoshana kona, kupaka gundi na silikoni hewa isivuje, kuvuta kapeti isikunjike, hiyo ni kazi ya mkono na sina hiyo mikono. Bila hiyo kazi hesabu ni karatasi tu, kwa sababu boksi linalovuja linapiga miluzi na namba zote zinaharibika. Lakini miaka 20 ya kukisia haigeuki kuwa kipimo. Sikio la mzee linaweza kukuambia boksi ni baya. Haliwezi kukuambia, kabla hujakata ubao, kwamba litakuwa baya. Hesabu inaweza. Na ubao ukishakatwa, maze, huwezi kuurefusha.

"Hizo ni hesabu za wasomi." Zipi? Kugawanya? Kuzidisha namba kwa yenyewe? Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hiyo ya wasomi usiniletee. Hakuna kitu nimeandika hapa ambacho hukufanya sekondari. Tatizo ni kwamba tulifundishwa kutafuta kipeo cha pili na ujazo wa mche mstatili, tukapigwa nayo, tukaifanyia mtihani, na hakuna siku mwalimu alisema hii ndiyo inafanya muziki wa mathree ushuke vizuri. Tukatoka shule tukiamini hesabu ni adhabu iliyoisha. Na sasa kila mahali pesa yetu inapoliwa, kwa wufa, kwa mkopo wa simu, kwa kipimo cha kiwanja, inaliwa na mtu anayejua kwamba hatutapiga hesabu.

"Wufa yangu haikuja na karatasi." Hii ndiyo hoja ya maana, kwa sababu kweli ukinunua Luthuli ama River Road mara nyingi unapewa boksi la kadi na stika ya wati. Kwanza, tafuta namba ya modeli kwa mtandao wa kampuni yenyewe. Kama haipo, pima. Unahitaji mita ya fundi wa stima, ampu ndogo, simu yenye programu ya kutoa masafa, na rezista ya ohm 1,000. Weka rezista kwa mfululizo na wufa ikiwa nje ya boksi, sauti iwe ya chini, pandisha masafa polepole ukisoma volti za AC kwenye vichwa vya wufa. Pale volti zinafika juu kabisa ndipo Fs. Halafu funga wufa kwa boksi lolote lisilovuja ambalo unajua lita zake, rudia. Masafa yatakuwa yamepanda. Gawanya hayo mapya kwa yale ya kwanza, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, zidisha kwa lita za hilo boksi. Umepata Vas, kwa makadirio yanayotosha kazi ya mtaani. Ile wufa yetu ya Hz 28, ukiiweka kwa boksi la lita 30, itaonyesha kama Hz 48.5. Piga uone kama hutapata 60.

Qts nayo inapatikana kwa vifaa vivyo hivyo, ina hatua kadhaa zaidi, na programu ya bure kama WinISD itachukua namba zako ikuchoree mstari wa sauti kabla hujanunua hata msumari. Fundi mwenye kompyuta moja kuukuu pale dukani angeweza kumwonyesha mteja: hii ni lita 30, hii ni lita 45, chagua. Hiyo ingekuwa biashara nyingine kabisa.

"Lakini mteja mwenyewe anataka boksi dogo, hataki kupoteza buti." Sawa. Basi mwambie bei ya hilo chaguo. Mwambie kwa lita hizo besi ya chini itapungua, au tutafute wufa nyingine ambayo Vas yake ni ndogo. Tena kwa gari dogo lililofungwa madirisha, gari lenyewe linainua sauti za chini, na boksi lililofungwa la saizi sahihi linaenda vizuri na hiyo hali. Mara nyingi mwenye gari dogo hahitaji paipu kabisa. Lakini ili useme hivyo lazima ujue. Ukiwa huna namba, kazi yako ni kuitikia tu "sawa mdosi" na kukata.

Mnajua ni nini kinaniuma zaidi ya pesa? Wale vijana wanaojifunza kazi. Ingia vichochoro vya mafundi wa muziki wa gari utawakuta, rika langu, wengine wadogo kuliko mimi, wanashika tochi, wanafagia unga wa mbao, wanangoja siku ya kuruhusiwa kukata. Wanafundishwa mkono, hawafundishwi kwa nini. Kijana anajua "ya inchi 12 ni hivi, ya inchi 15 ni hivi", na ikija wufa mpya ambayo bosi hajawahi kuiona, wote wawili wanakwama. Akitoka kufungua duka lake anatoka na vipimo vya kukariri. Atashindana na wengine mia wenye vipimo hivyo hivyo, na njia pekee ya kushinda itakuwa kupunguza bei. Ndiyo maana kazi ya boksi inaitwa "kibao tu" na inalipwa kama kibao tu. Wenye nganya wanamwaga pesa nyingi kwa rangi, taa na skrini, halafu mtu wa boksi anabishaniwa hadi shilingi ya mwisho, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kueleza anauza nini.

Fundi anayekupa karatasi yenye lita, Hz na urefu wa paipu hauzi kibao. Anauza jibu. Boksi likikataa, karatasi iko, tunaangalia kosa lilitokea wapi: wufa si ile iliyoandikwa, ama boksi linavuja, ama paipu imekatwa vibaya. Hakuna tena "uliuziwa feki" na "fundi wako ameharibu". Na mimi niko tayari kumlipa huyo fundi zaidi. Nyinyi pia muwe tayari. Hatuwezi kudai kipimo halafu tukimbilie wa bei ya chini kona inayofuata.

Bado kuna jirani. Boksi baya linafanya watu waongeze sauti wakitafuta besi ambayo haiko, na hiyo noti moja inapita kuta za ploti nzima saa sita usiku. Nchi hii ina kanuni za kelele tangu 2009, na kila msako ukifanyika tunalia kwamba vijana wanaonewa. Mara nyingine tunaonewa kweli. Mara nyingine tulikuwa tunapiga kelele kwa sababu hatukupima boksi.

Kwa hivyo ukienda kutengenezewa boksi, kabla hujatoa hata deposti, uliza maswali manne. Wufa hii Vas, Qts na Fs yake ni ngapi? Boksi litakuwa lita ngapi kwa ndani, baada ya kutoa wufa, paipu na mbao za kukaza? Kama lina paipu, limepangwa kwa Hz ngapi na paipu ni sentimita ngapi? Na mdomo wa ndani wa hiyo paipu utakuwa mbali na ukuta kwa angalau kipenyo kimoja cha paipu?

Akikujibu, mlipe vizuri na umtume rafiki zako. Akikuambia hajui lakini yuko tayari mkae chini mpige hesabu pamoja, huyo pia mpe kazi, tena huyo ndiye mtaishi naye vizuri. Akikucheka na kusema "wewe lete wufa, mimi najua", chukua wufa yako, isikuangukie mguuni, uende zako. Ubao bado haujakatwa.